Vidonge vya Uzazi: Je, Kunyamaza Ni Wema?



Liko jambo ambalo Wakristu wengi wa Kalemie hulinong'ona, lakini hawapendi kulitaja mbele ya watu. Nalo ni habari ya vidonge vya kuzuia mimba. Vidonge hivyo si kitu kigeni tena. Vyauzwa katika farmasi ndogo za mjini, vyapatikana katika vituo vya afya, tena hupita mkono kwa mkono, pengine bila sanduku lake wala karatasi ya maelezo. Mama mmoja humgawia jirani yake nusu ya alivyo navyo, kama mtu agawavyo chumvi.

Leo hatutaki kurudia tu swali la kwanza, yaani: Je, Mkristu aweza kuvitumia? Swali hilo Kanisa limekwisha kulijibu, nasi tutalikumbusha jibu lake bila kuficha neno. Swali letu ni la pili, nalo halisemwi sana: Sisi tunaoshika mafundisho ya Kanisa, yatupasa nini kwa yule anayevimeza? Akituuliza namna ya kuvitumia asidhurike, je, tumwambie? Au tunyamaze, tusije tukaonekana tunamsaidia kutenda dhambi?

Tumfikiri mwuguzi Mkristu katika kituo cha afya. Tumfikiri mkunga, katekista, mama mkubwa wa chama cha akina mama, hata dada aliye mkubwa nyumbani. Hao wote siku moja wataulizwa, na hawatapewa wiki nzima ya kutafuta jibu. Afadhali walifikiri mapema.

Kanisa lafundisha nini

Tuanze na lililo wazi. Vidonge hivi vina dawa ziitwazo homoni, zinazofanana na zile ambazo mwili wa mwanamke hujitengenezea wenyewe. Kazi yake ya kwanza ni kulizuia yai la mwanamke lisipevuke na kutoka. Tena huufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito, mbegu ya mume isipite. Huko Marekani vidonge viliruhusiwa mwaka wa 1957 kuwa dawa ya wanawake wenye taabu ya hedhi, na mwaka wa 1960 kuwa dawa ya kuzuia mimba. Angalieni miaka hiyo miwili: kidonge kilikuwa kile kile, lakini makusudi yalikuwa mawili.

Papa Pius XII aliiona tofauti hiyo mapema. Tarehe 12 Septemba 1958, aliposema na madaktari wa magonjwa ya damu, alifundisha hivi: mwanamke akimeza dawa hiyo kwa sababu mwili wake ni mgonjwa na daktari aona yamfaa, hana hatia, hata kama kwa muda huo hatashika mimba; lakini akiimeza kwa kusudi la kuzuia mimba, si halali. Baada yake Papa Yohane XXIII aliunda tume mwaka wa 1963, na Papa Paulo VI akaiongezea watu, ili jambo lote lichunguzwe. Wengi katika tume ile walishauri mafundisho yabadilishwe. Papa hakulifuata shauri lao. Tarehe 25 Julai 1968 alitoa barua yake Humanae Vitae, akafundisha kwamba si halali kwa mume na mke kulitenga kwa makusudi tendo la ndoa na uzazi.

Lakini katika barua ile ile, fungu la 15, alikariri kwamba dawa ya kuuponya mwili haikatazwi. Na katika fungu la 10 alisema kwamba mume na mke waweza, kwa sababu nzito, kukata shauri wasizae mtoto mwingine kwa muda, hata kwa muda usiojulikana mwisho wake. Basi mama asemaye, "Nguvu zangu zimekwisha, nami nina watoto saba," hajasema neno baya. Kinachoulizwa ni njia atakayoishika.

Habari iliyotoka kwetu Kongo

Iko habari nyingine ambayo Wakristu wengi hawajaisikia, ingawa ilianzia katika nchi yetu wenyewe. Mwezi wa Julai 1960, siku chache tu baada ya Uhuru, askari waliasi, na katika machafuko yale wanawake walinajisiwa kwa nguvu, hata masista. Swali likafika Roma: Sista aliye katika hatari ya namna hiyo, je, aweza kumeza vidonge ajikinge na mimba?

Mwishoni mwa mwaka wa 1961 gazeti la Roma liitwalo Studi Cattolici lilichapa majibu ya wataalamu watatu wa elimu ya maadili: Pietro Palazzini, Franz Hürth na Ferdinando Lambruschini. Kila mmoja alikuwa na namna yake ya kueleza, lakini wote watatu walikubali kwamba yaweza kuwa halali. Sababu ni rahisi kuifahamu. Mwanamke anayeshikwa kwa nguvu hakuchagua tendo lile, ameibiwa. Akijikinga na matokeo ya wizi huo, hailetei ndoa yake wala nadhiri yake uongo wowote. Anajitetea, kama mtu afungavyo mlango wake kwa komeo. Majibu yale yalikuwa shauri la wataalamu, si amri ya Papa. Lakini Lambruschini huyo ndiye aliyewaeleza waandishi wa magazeti barua Humanae Vitae ilipotolewa mwaka wa 1968. Hatuwezi kusema kwamba walikuwa adui za Kanisa.

Hapa kwetu habari hiyo si ya kale. Mji huu, ulioitwa Albertville mpaka mwaka wa 1966, umeona waasi mwaka wa 1964. Tangu mwaka wa 2013, na zaidi tangu 2016, ugomvi wa Watwa na Waluba uliwafukuza watu kwa mamia ya maelfu katika jimbo la Tanganyika, na wengi walikimbilia kandokando ya Kalemie, wakakaa katika vibanda. Mwanamke aendaye kutafuta kuni mbali na kibanda chake aijua hatari vizuri kuliko sisi tunaoandika. Basi tuseme wazi: aliyenajisiwa na apelekwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kwisha, maana ndani ya muda huo aweza kupewa dawa za kumkinga na ukimwi. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba nayo, kadiri inavyomezwa mapema ndivyo inavyofaa zaidi. Mwezi wa Februari 2013 maaskofu wa Ujerumani walikubali kwamba hospitali za Kikatoliki zimpe mwanamke aliyenajisiwa dawa ya namna hiyo, ikiwa kazi yake ni kuzuia mimba isitungwe, wala si kuitoa mimba iliyokwisha kutungwa.

Basi tumekwisha kuona wanawake wa namna tatu: mgonjwa anayemeza kwa kujitibu, aliye katika hatari ya kunajisiwa, na yule aliye katika ndoa anayemeza ili asishike mimba. Kidonge ni kimoja. Mtazamaji wa nje hawezi kuwatenga. Lakini mwili wa kila mmoja waweza kudhurika sawasawa, kama hakuambiwa kweli.

Wanaonyamaza wasema nini

Wako watu wema wanaosema: "Tusimwambie mtu namna ya kuvitumia vizuri. Ukimfundisha, umemfungulia mlango. Tena wengine wakisikia, watadhani Kanisa limegeuza mafundisho yake." Maneno haya si ya kudharauliwa. Ni kweli kwamba si halali kushirikiana na mtu katika dhambi yake kwa kuitaka dhambi hiyo. Tena ni kweli kwamba makwazo ni jambo zito. Bwana wetu mwenyewe alilisema kwa maneno makali.

Lakini tuyapime. Mvuvi wa Kalemie akiazimia kuvuka ziwa wakati wa kiangazi, pepo za kusini zinapovuma kwa nguvu, rafiki yake atamwambia, "Usiende." Asiposikia, je, rafiki yule atamficha mahali penye miamba? Je, atasema, "Nikimwonyesha miamba, nitakuwa nimekubali safari yake"? Hasha! Atamwambia mara ya pili asiende, kisha atamwonyesha miamba. Na akizama, atamwendea kwa mtumbwi. Hakuna atakayesema kwamba alipenda safari ile.

Wataalamu wa maadili wameijua tofauti hii tangu zamani. Mtakatifu Alfonsi Liguori, ambaye Papa Pius XII alimweka mwaka wa 1950 kuwa msimamizi wa waungamishi na wa wataalamu wa maadili, aliona kuwa ni halali kumshauri mtu aliyekwisha kuazimia ubaya mkubwa atende ulio mdogo, ili ule mkubwa usitendeke. Na mwaka wa 2010 Papa Benedikto XVI, akisema juu ya ukimwi katika kitabu cha mahojiano, alikubali kwamba kahaba atumiaye mpira ili asimwambukize mwingine aweza kuwa ameanza hatua ya kwanza ya kuwa na wema. Papa hakusema kwamba ukahaba umekuwa mwema. Alisema tu kwamba kumjali mwenzako asife ni jambo jema hata mahali penye ubaya.

Tena yako maneno mengine matatu ya kuwajibu wanaonyamaza. Kwanza, mwuguzi hamjui kila ajaye kwake. Yule mama aliyeshika vidonge mkononi labda atokwa na damu nyingi kila mwezi na daktari amemwandikia. Mwuguzi akinyamaza kwa kumdhania mwovu, amemhukumu bila kumsikiliza. Pili, Kalemie si parokia peke yake. Wamo Waprotestanti, Waislamu, Wakimbangu, na wengine wasiofungwa na mafundisho yetu. Nao wana haki ya kuambiwa kweli juu ya mwili wao na yule aliyewekwa kuwauguza. Tatu, kunyamaza kwetu hakumzuii mtu asimeze. Kunampeleka kwa mchuuzi, naye hatamwuliza kama ana tansio, wala kama ananyonyesha. Atauliza kama ana pesa.

Kweli inayopasa kusemwa

Basi tuitaje hiyo kweli. Haya hayachukui nafasi ya daktari wala ya mwuguzi. Ni ya kumsaidia mtu ajue aulize nini.

Kwanza, si kila mwanamke aweza kumeza vidonge vyenye homoni mbili. Vyaweza kumdhuru mwenye tansio, yaani presha ya damu iliyopanda. Kwa hiyo apimwe kwanza, na akionekana na 140 kwa 90 au zaidi, asipewe bila daktari kukata shauri. Vyaweza kumdhuru aliyewahi kugandwa na damu mguuni au mapafuni, aliyewahi kupooza kwa ubongo, mwenye ugonjwa mzito wa moyo au wa ini, na aliye na saratani ya ziwa au aliyewahi kuwa nayo. Vivyo hivyo mwanamke wa miaka 35 au zaidi anayevuta tumbako, na yule ambaye kichwa humwuma sana huku macho yakiona mimuliko ya mwanga kabla ya maumivu. Anayetokwa na damu bila kujua sababu achunguzwe kwanza.

Pili, mama aliyejifungua. Anayenyonyesha asimeze vidonge vyenye homoni mbili katika majuma sita ya kwanza, na kwa kawaida asivimeze mpaka mtoto atimize miezi sita. Viko vidonge vya namna nyingine, vyenye homoni moja, vinavyomfaa mama anayenyonyesha. Jirani anayemgawia mwenzake vidonge vyake hawezi kujua tofauti hiyo kwa kuviangalia rangi.

Tatu, vidonge humezwa kimoja kila siku, saa ile ile, awe mume yupo au amesafiri. Wako wanaovimeza siku ile tu ambayo mume amerudi kutoka ziwani au kutoka Lubumbashi, hao wamejidanganya. Aliyesahau kimoja akimeze mara akumbukapo, aendelee. Aliyesahau viwili au zaidi ameze kimoja tu, kile alichokisahau mwisho, aendelee na vingine kama kawaida, wala asijihesabu kuwa amekingwa mpaka ameze siku 7 mfululizo. Tena amwone mwuguzi. Asimeze vyote alivyovisahau kwa pamoja. Vidonge vya homoni moja vyadai uangalifu zaidi: kwa vile vya kawaida, kuchelewa kwa saa 3 tu kwaweza kuharibu kazi yake.

Nne, magonjwa mengine na dawa nyingine huvunja nguvu ya vidonge. Mtu akitapika mara baada ya kumeza, au akihara kwa nguvu kwa siku mbili au zaidi, ni kama hakumeza. Sisi tunaokaa katika mji unaojua kipindupindu tulikumbuke neno hili. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, dawa kadhaa za kifafa na baadhi ya dawa za ukimwi hupunguza nguvu yake pia. Kwa hiyo anayemeza vidonge amwambie daktari kila dawa nyingine anayopewa.

Tano, dalili za hatari. Maumivu makali ya tumbo. Maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Kichwa kuuma ghafula kuliko desturi. Macho kuona giza. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Ikitokea mojawapo, asingoje kesho. Aache vidonge, aende hospitali.

Sita, vidonge havikingi ukimwi wala kaswende wala kisonono. Na ajuaye kwamba mume wake ana wanawake wengine asidhani kwamba amepata ngao.

Saba, havina ukamilifu. Wanawake 100 wakivitumia kwa mwaka mmoja, kama watu wanavyotumia kwa kawaida, pamoja na kusahau kwao, wapatao 7 hushika mimba. Wakivitumia bila kosa lolote, hata mmoja ni shida kumpata. Tena vikimezwa na mwanamke aliyekwisha kuwa na mimba, haviitoi.

Uongo kwa kusudi jema

Wako wanaotaka kulinda maadili kwa njia nyingine: huwaogofya watu. Husema vidonge hujirundika tumboni, au vinamfanya mwanamke tasa milele, au kila anayevimeza atazaa mtoto kilema. Hayo si kweli. Mwanamke akiacha vidonge, uzazi wake hurudi. Juu ya saratani, kweli ina pande mbili: wakati wa kuvitumia hatari ya saratani ya ziwa huongezeka kidogo, lakini hatari ya saratani ya kokwa za uzazi na ya nyumba ya mtoto hupungua. Damu kuganda ni hatari ya kweli kwa anayemeza, ingawa ni ya wachache. Tena hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mjamzito na kwa mama aliyejifungua juzi.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, aliandika juu ya uongo, akashikilia kwamba hata uongo unaosemwa kwa kusudi jema ni dhambi. Sisi tuliofundishwa amri ya nane hatuna ruhusa ya kuilinda amri nyingine kwa kuivunja hiyo. Tena uongo haudumu. Binti aliyeambiwa kwamba vidonge vitamfanya tasa, siku atakapomwona rafiki yake amezaa baada ya kuviacha, atasema: "Wamenidanganya katika hili, labda wamenidanganya katika yote." Ndipo hatasikia hata tunapomwambia habari ya tansio. Njia ya uongo ni fupi.

Na wanaume je?

Mara nyingi habari hii husemwa kana kwamba ni ya wanawake tu. Lakini kwa nini mama huvificha vidonge ndani ya unga au chini ya nguo? Kwa sababu anaogopa. Anaogopa kupigwa, anaogopa kurudishwa kwao, anaogopa mume kuoa mwingine. Mume ajiulize: Mke wangu ananificha nini, na ni mimi gani ninayeogopwa hivyo?

Hatusifu siri katika ndoa. Siri ni ufa katika ukuta wa nyumba. Lakini mwenye nyumba asilaumu ufa tu, asiangalie na msingi. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa katika nchi yetu mwaka wa 2013 na 2014, ilionekana kwamba mama 846 hufa kwa sababu ya uzazi katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na kwamba mwanamke wa Kongo huzaa kwa wastani watoto 6.6. Nyuma ya hesabu hiyo wako akina mama ambao walijua kwamba mimba nyingine itawaua, wakalisema hilo nyumbani, wasisikilizwe. Sheria ya nchi ya tarehe 13 Desemba 2018 juu ya afya yadai mume na mke wapatane juu ya njia ya kupanga uzazi. Wasipopatana, yasema mapenzi ya yule anayehusika yatangulie. Ni aibu kwetu Wakristu ikiwa sheria ya serikali yalazimika kumkinga mke dhidi ya mume wake aliyemwahidi upendo mbele ya altare.

Na Kanisa lionyeshapo njia ya kufuata majira ya mwili wa mwanamke, njia hiyo haiwezekani bila mume. Lazima naye azihesabu siku, lazima naye ajinyime. Katekista anayewahubiri akina mama peke yao juu ya njia hiyo amefundisha nusu tu ya somo.

Juu ya njia hizo pia yatupasa kusema kweli. Mama aliyejifungua, asiyepata hedhi bado, anayemnyonyesha mtoto maziwa yake tu, mchana na usiku, na mtoto hajapita miezi sita, amekingwa kwa njia hiyo kiasi cha 98 kwa 100. Sharti moja likikosekana, kinga hiyo haitegemewi tena. Njia ya kuhesabu siku kwa shanga, ambapo mume na mke hujizuia tangu siku ya 8 mpaka ya 19, yawafaa wenye mzunguko wa siku 26 mpaka 32. Wanawake 100 wakiishika kwa mwaka mmoja bila kosa, 5 hushika mimba. Wakiishika kama watu wengi wanavyoishika, 12. Ziko njia nyingine za kuangalia joto la mwili na ute, ambazo zafaa zaidi zikifundishwa vizuri. Lakini hazifundishwi kwa hotuba moja baada ya Misa. Zataka mwalimu, daftari na miezi kadhaa. Parokia inayokataza vidonge bila kumpata mwalimu wa njia nyingine imemwambia mama asipite mlango huu, bila kumwonyesha ule mwingine ulipo.

Mpaka wa wajibu wetu

Hatusemi kwamba kila mwuguzi Mkristu alazimishwe kuvigawa vidonge. Dhamiri yake ikimkataza, na aseme hivyo kwa upole kwa wakubwa wake na kwa mgonjwa, bila matusi. Lakini iko tofauti kati ya mkono usiotoa na kinywa kisichosema. Mkono waweza kujizuia. Kinywa, kikimwona mama mwenye tansio anameza kitu kitakachoweza kumpoozesha, hakiwezi kunyamaza bila hatia. Hiyo ni amri ya tano, nayo haina kifungu kisemacho kwamba wakosefu hawamo.

Tena atakayesema kweli hii aiseme yote. Mkristu mwenzake akimwuliza, amwambie na mafundisho ya Kanisa, bila kuyapunguza na bila kumpiga nayo kichwani. Kisha amwambie na habari ya mwili wake. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake Familiaris Consortio ya mwaka wa 1981, alikumbusha kwamba watu wa ndoa huendelea katika wema hatua kwa hatua. Lakini ili mtu apige hatua ya kesho, lazima awe hai leo. Mama aliyepooza kwa sababu hakuna aliyempima presha hatafika kwenye somo la majira ya mwili tulilomwandalia.

Basi, ninyi mlio waganga, wauguzi na wakunga: pimeni presha kabla ya kutoa, ulizeni kama ananyonyesha, ulizeni dawa nyingine anazomeza. Ninyi wenye farmasi: msivunje sanduku na kuuza vidonge bila karatasi yake. Ninyi akina mama: msigawiane vidonge, hamgawiani mwili. Ninyi akina baba: kaeni na wake zenu, waulizeni wanaogopa nini, na mkiambiwa msikasirike. Ninyi makatekista: fundisheni amri ya sita, lakini msiirukie ile ya tano iliyo mbele yake.

Siku ya hukumu Bwana wetu atauliza habari za wagonjwa. Hatukusoma popote katika Injili kwamba atauliza kwanza ugonjwa wao ulitoka wapi.